Mpaka Shamim Aolewe

Masese, Jinja
9 Februari 2025

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Presha imeshuka? Mimi niko, mguu tu. Wiki hii sikoseli ilinishika vibaya, nyonga ikawaka kama mtu ameweka mkaa ndani! Na mama yake Nulu, jirani, akafariki. Sikuweza kwenda matanga. Sasa Nulu hanisalimii. Mwenzake alisema kwa sauti nisikie: "Ati boda ilimgonga! Boda gani hiyo, miaka miwili haponi? Ni maringo." Mama, nilicheka, halafu nikalia. Niruhusu niwaambie majirani ukweli, kwamba ni sikoseli, si boda. Huku niko peke yangu, hata maji nangoja nani alete. Barua anayo Amir wa lori ya samaki. Jibu haraka!

Binti yako, Swabrah

Mbale
15 Februari 2025

Mwanangu Swabrah,

Waaleikum salaam. Presha inapanda inashuka. Pole sana, mama, lakini vumilia. Watu wa Faraj wanaleta mahari ya Shamim baada ya Idi, na shangazi yake anauza samaki hapo hapo Masese. Akisikia sikoseli iko kwenye damu yetu, watamwacha Shamim, kama alivyoachwa binti wa jirani yetu Sebit. Endelea kusema ni boda. Mdogo wako akishaolewa, utasema.

Mamako

Masese
8 Aprili 2025

Mama,

Idi mubarak! Umekula vizuri? Mashuka ya arusi ya Shamim nimemaliza kuyadarizi! Maua mekundu, na ndege pembeni. Hao ndege hakuna aliyenifundisha, nimewatoa kichwani! Nilishona nimelala ubavu.

Nije arusi, mama? Nitakaa tu, sitasimama, nani atajua natembea vipi? Amir anipakie na sangara, harufu sijali!

Juzi nililia kwa maumivu. Nulu akagonga: "Swabrah, una nini? Nifungulie!" Nikasema, "Niko sawa, ni ile boda." Akausukuma mlango kidogo. Halafu akaenda.

Nangoja jibu.

Binti yako, Swabrah

Mbale
30 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mguu je? Sikukujibu kwa sababu niliogopa ungekuja. Arusi imepita. Wanawake walikunjua mashuka yako, wakauliza, "Nani ana mkono huu?" Nikasema nilinunua Kampala. Shamim alinitazama, akainama.

Sasa sema, mwanangu. Mwambie Nulu, mwambie kila mtu.

Mamako

Masese
12 Juni 2025

Mama,

Asalaam aleikum. Presha isikusumbue. Barua nimepata, nikaruka kitandani, yaani moyo tu ndio uliruka! Nikavaa leso mpya, nikajikokota mpaka mlangoni, nikakaa.

Nulu akapita na ndoo. Nikamwita, "Nulu, huu mguu wangu..."

"Najua, ile boda. Pole," akasema, hakusimama.

Wakapita wengine, wanachekeana, wanaenda mwaloni kununua samaki. Nilikuwa nimepanga maneno yote, mama, mazuri, mpaka ya kuwachekesha. Jua likafika miguuni nikarudi ndani.

Sasa nina ruhusa, na hakuna anayeuliza.

Binti yako, Swabrah