Nafasi Moja ya Ugavi

Duka la Kijiji,
Nyarubungo, Biharamulo.
Jumapili, 19 Novemba 1978.

Kwako Baba yangu Celestini,

Shikamoo Baba, na Mama umpe shikamoo yake. Mimi binti yenu Deodata ni mzima wa mwili, nakula na nalala, na wasiwasi wangu uko kwenu. Kifua cha Mama kinaendeleaje na mvua hizi? Ile migomba ya bondeni iliyolazwa na upepo mmeshaitegemeza, au kaka bado anasema ataishughulikia kesho? Mwambie kesho yake hiyo nimeanza kuisikia tangu darasa la tatu.

Kabla hujaendelea, Baba, nakuomba jambo ambalo sijapata kukuomba. Najua desturi ya nyumbani: barua ikija, mikeka inatandikwa uani, majirani wanaitwa, nawe unaisoma kwa sauti kama Injili. Hii usiisome hivyo. Kama umeshaanza na Ma Jovina ameshakaa, kohoa, useme mwandiko wangu ni mbaya. Hilo ataliamini. Kisha ingia ndani umalizie peke yako. Mwishoni nimeandika salamu zake, na hizo ndizo za kumsomea.

Nianze na masomo, maana ndiyo uliyoniuliza. Tulipofika hapa mwezi wa tisa tuliambiwa kwamba mwanafunzi mpya wa biashara chuoni kwetu haanzi na darasa, anaanza na duka. Miezi mitatu tunauza, tunapokea mizigo, tunajifunza kijiji kinaishije. Halafu mshauri wa masomo anazunguka kituo kwa kituo, anakaa na kila mmoja na kumpangia mwaka wake wa kwanza: asome nini, aanze na lipi, aingie mchepuo gani. Desemba wote tunashuka Dar es Salaam. Wewe ulitaka nichukue Uhasibu, ukasema mhasibu hukaa kivulini na hakuna anayempigia kelele. Nami nilitaka huohuo, na si kwa kukuridhisha tu.

Anatoli wa Ma Jovina, niliyepangiwa naye duka hili, alitaka Ugavi tangu siku ya kwanza. Alikuwa akimwambia kila mteja kwamba ipo siku atasimamia maghala makubwa, na malori yatakuwa yanamwomba ruhusa ya kuondoka. Unamjua alivyo. Anaimba akipima maharage, anaimba akifagia, na sauti yenyewe heri hata ya kanga. Lakini wazee wa hapa wanampenda, na mimi nisiseme sana, maana yeye ndiye anayepika.

Sasa habari za huku. Vita hii ya mpakani hatujaiona kwa macho. Tunaiona kwa vitu vinavyokoma. Kwanza ilikoma chumvi. Kisha lori lililokuwa likituletea mizigo likachukuliwa, na majembe yetu yakiwa bado ndani. Kisha ikakoma kengele ya kanisa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Evaristi, alitangaza kwamba haitapigwa tena ila kwa hatari, kwa hiyo Jumapili tunaingia kusali kimyakimya kama watu wanaoiba. Usidhani kimya hicho kinapumzisha. Mtu akiangusha sufuria, duka zima linageuka kutazama upande wa kanisa.

Magari yanapita kwenda kaskazini yamefunikwa maturubai, na hatuoni yanayorudi. Wanaorudi ni watu, kwa miguu. Tukiwapa maji wanakunywa wamesimama, mizigo kichwani, macho nyuma walikotoka. Mama mmoja nilimuuliza kwao ni wapi, akanijibu kwamba hapo alipotoka hapapo tena. Mzee Evaristi anasema mambo haya yatakwisha kabla hatujavuna maharage, lakini juzi nilimkuta mkewe akichimba mihogo ambayo haijakomaa. Lisemwalo lipo, Baba, na kama halipo laja.

Mshauri wetu, Mwalimu Ndassa, alifika Alhamisi. Alipewa nafasi kwenye gari la jeshi. Ni Msukuma mtaratibu, mwenye miwani, na siku tulipoandikishwa alitutania sana, akatuita wafanyabiashara wasio na bidhaa. Safari hii hakutania mtu. Alikaa kwenye masanduku ya sabuni nyuma ya duka akaanza na mimi. Alinipangia Hesabu za Biashara zitangulie, Uchumi ufuate, Sheria isubiri hadi nitakapokuwa nimezoea, na akanionya nisijibebeshe masomo mengi kwa sifa. Alizungumza vizuri hata nikasahau barabara na magari yake.

Tulipofika kwenye mchepuo alinieleza Uhasibu mwezi baada ya mwezi mpaka Juni, mihadhara, mazoezi, mitihani. Akahamia Ugavi, akaeleza siku za kwanza za Desemba, akaishia hapo. Mdomo wangu unaujua, Baba. Nilimuuliza kama watu wa Ugavi wao hawana Januari.

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Ndipo akaniambia kwamba wa Ugavi hawatashuka Dar es Salaam. Kila kituo kinatoa mmoja, naye anapelekwa kaskazini, kwenye maghala ya chakula cha askari, karibu sana na mizinga inakoangukia. Chuo kimeombwa, na chuo kimekubali. Mwaka wa kwanza utawasubiri. Nilimuuliza utawasubiri hadi lini, akasema hajaambiwa. Alisema vituo viwili vimeshatoa watu wao, na tangu waondoke hajapata neno lao. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote, maana na yeye ameamriwa asiseme hadi siku ya safari. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba kwa duka letu kazi yake itakuwa nyepesi, kwa kuwa Anatoli alimpokea barabarani na kumwambia chaguo lake hata kabla ya kumsalimia.

Nje nilimsikia Anatoli akiimba, anasubiri zamu yake.

Baba, hapa ndipo ninapopaogopa. Siku uliponisindikiza kwenye lori pale Bugarama ulinishika bega ukaniambia nisichague jambo lolote kubwa kabla sijakuuliza, nami nikaitikia mbele ya Mama. Alhamisi nilichagua. Nilimwambia mwalimu kwamba nimebadili nia, nachukua Ugavi. Aliniangalia, akaniuliza kama wazazi wanajua. Nikamwambia kwamba wewe umeshaniandikia na umetoa ridhaa. Nimeitumia ridhaa yako bila wewe kunipa, Baba, na nimeitumia katika jambo ambalo najua usingelitolea. Nisamehe.

Sababu zangu ni hizi, uzipime mwenyewe. Anatoli hakwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa ajili ya macho yake. Mtu akisimama mlangoni mwa duka, yeye anasubiri asikie sauti ndipo amjue. Mimi nilikwenda, nikachimba mahandaki, nikashika bunduki, nikalala njaa. Na Ma Jovina hana mwingine. Amewazika wote, huyu ndiye aliyemsalia. Nyumba yetu ina watoto watano zaidi yangu. Nimeandika maneno hayo na kalamu ikanikatalia kuendelea, maana najua mtoto hahesabiwi hivyo, na najua hapo ndipo utakapoumia.

Lakini usinifanye mtakatifu. Anatoli alipoingia kwa mwalimu, nilikwenda kukaa chooni ili nisionekane. Nilipotoka nilikuwa nimeamua kubadili tena, nirudishiwe Uhasibu wangu, na kila mtu abebe mzigo wake. Nilikimbia hadi barabarani nikiita. Gari lilikuwa limeshaondoka na mwalimu ndani yake. Nilisimama pale hadi vumbi likatulia.

Anatoli yeye alijua jambo moja tu, kwamba nafasi ilikuwa moja na mimi nimemtangulia. Tangu Alhamisi hajaimba. Anapika chakula chake peke yake na ananisemesha kwa habari ya bidhaa tu. Wateja ameshawaambia. Mabibi waliokuwa wakiniletea ndizi sasa wananunua mafuta ya taa bila kunisalimu, na mmoja alisema nisikie kwamba mwenye tamaa hana rafiki. Ningeweza kumaliza yote kwa neno moja. Nikimwambia, hata hivyo, atakwenda kuidai nafasi yake, kwa kuwa ni mjinga wa aina hiyo.

Gari linakuja kunichukua keshokutwa. Barua hii nampa mtu wa kwetu anayerudi Ngara kesho, kwa hiyo ukiisoma mimi nitakuwa nimeshapita Biharamulo mjini. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninachokuomba ni vitu viwili.

Ule mrija wa kunywea pombe ulionikatia siku jina langu la chuo liliposomwa, ukauchomeka juu ya mlango pamoja na mirija ya kaka zangu, uache palepale. Siku mkitoa rubisi ya ndizi na watu wakajaa, mtu asikosee akaunywea. Hata kimya changu kikiwa kirefu, Baba, hata wakija watu wa kukushauri uutoe, waambie huo una mwenyewe.

La pili ni Ma Jovina. Anatoli atamwandikia, naye atakuja kwako amefura. Akisema binti yako ni mlafi, kubali. Mwambie nilikuwa hivyo tangu utoto, nilikuwa nachota mboga kabla ya wageni. Asijue lingine lolote hadi mwanawe awe ameketi darasani na vita imekwisha. Mama umwambie wewe, taratibu, na usimwambie jioni.

Basi, hapa sasa unaweza kutoka uani ukamsomea Ma Jovina.

Ma Jovina, shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Huku Nyarubungo sote wazima. Anatoli ananenepa kwa mapishi yake mwenyewe. Amepangiwa Uhasibu, na mwanzoni mwa Desemba anashuka Dar es Salaam kuanza mwaka wa kwanza. Amepewa ruhusa apite nyumbani kuwaaga, kwa hiyo mwekee ndizi nzuri. Mimi sitapata nafasi ya kupita. Najua ameniudhikia, na ana haki. Uniwie radhi, Ma Jovina, kwa kumchukulia mwanao nafasi yake. Niliipenda mno.

Ni mimi binti yenu,
Deodata Celestini