Upepo wa Kule Tunakopelekwa

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jumatano, Julai 2013. Jua kali, kiangazi kimekaza. Vumbi la malori yanayotoka Kabingo limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya simu hii ninayoandikia. Sina furaha wala huzuni. Nimechoka tu.

Kesi yetu ya kuhamishiwa nchi nyingine imepita. Mimi na mama tunapelekwa Amerika, katika mji ulio jangwani. Wiki nzima majirani wanakuja kutupongeza, na akina mama wa kanisa wameshafunga na kutuombea. Kesho tunakwenda ofisini kukubali au kukataa.

Mama ana pumu. Kiangazi kama hiki analala ameketi, mgongo ukutani, nami nasikia kifua chake kikipiga filimbi. Kwa hiyo aliposikia neno jangwa na kuniuliza, "Na upepo ya kule iko namna gani?" nilijua anaogopa nini. Sikutaka kumjibu kwa kukisia.

Leo nimekwenda mjini Mbarara, nikaingia kwenye kafe ya intaneti. Nimesoma habari za upepo mpaka mwenye kafe, Mnyankole mcheshi, akanichungulia begani.

"Ssebo, wenzako wa Nakivale nasoma nyumba ya Amerika. Wewe pesa yote nasoma upepo?"

Nilichosoma ni hiki. Jua likizama, ardhi ya jangwa hupoa upesi. Hewa iliyo chini inakuwa baridi na kutulia. Juu yake kidogo tu, upepo unakuwa hauna tena cha kuushika miguu, unakimbia usiku kucha. Watu wamelala, hata jani halitikisiki. Asubuhi jua likipasha ardhi moto, hewa ya chini na ya juu zinachanganyika, ule upepo unashuka na kunyanyua vumbi.

Niseme ukweli, nilivutiwa. Ni jambo zuri kulielewa, kama halimhusu mama yako.

Nimerudi jioni, nikamkuta uani anachambua maharage. Nikamweleza yote, vumbi sikulificha. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Inashukaka saa gani?"

"Asubuhi, mama, jua likishapanda."

"Basi ni muzuri. Maharage tutakuwa tunapepeta asubuhi."

Kumbe alikuwa anauliza upepo wa kupepetea.

Nikamuuliza, na kifua je? Akacheka. "Kifua nilitokaga nayo kwetu Fizi. Kule baganga habakosake." Yaani madaktari hawakosekani. Kisha akataka kujua kama kwenye ndege watatuachia tubebe mbegu, hata kidogo tu, za haya ya manjano. Nilimwambia nitauliza.

Sina haja ya kuuliza. Afisa wa kesi yetu ameshanieleza tutakakokaa: chumba cha ghorofani, chini ni saruji na magari. Hakuna shamba, hakuna hata kipande cha udongo mbele ya mlango. Sijawahi kumwona mama akimaliza msimu bila kushika jembe. Mwaka tuliofika hapa alipanda kwanza, turubai la kulalia likaja baadaye.

Upepo wa jangwa nimeweza kumweleza vizuri. Hili nimeshindwa.

Naogopa. Kesi ni moja, na mimi siwezi kumwacha hapa na kifua kile. Akikataa yeye, hata mimi sitoki. Na nataka kutoka. Nataka sana, kuliko ninavyoonyesha watu. Njia rahisi ni kunyamaza hadi kule, mlango umjibu wenyewe.

Yuko nje bado, anatenga punje zisizo na tundu. Anaziweka kwenye kopo, anafunika, anafunua tena.

Kesho, kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali, nitamwambia kwamba hakuna shamba. Akisema twende, tutakwenda. Akisema hapana, tutabaki wote wawili. Nimeliandika hapa mtandaoni, mbele za watu, ili asubuhi nisijifanye nimesahau.