Hakuna Maji Mpaka Aseme

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, binti yangu ana miaka miwili na nusu na maneno yake yalikuwa hayafiki kumi, mengine yote ni kunyoosha kidole na “eeh! eeh!”, basi wifi yangu anayesomea ualimu akaja na madaftari yake, akasema, “Wifi, unamdekeza, mtoto huongea kwa kuiga na kutuzwa, asipotaja kitu usimpe,” mama mkwe akadakia kwamba mtoto huzaliwa na maneno yake, yakiiva yatatoka, nimwache, lakini nikaona msomi ndiye msomi, nikaanza, akileta kikombe namwambia “sema maji”, asiposema simpi hata akilia, na siku mbili za kwanza alisema kweli, nikampigia wifi simu kwa furaha. Sasa ni wiki ya tatu, hasemi maji, hasemi mama, hata kidole hanyooshi. Juzi niliinua macho kutoka kwenye pindo la gauni la mteja, nikamwona anavuka ua na kikombe chake mpaka kwa jirani, kimya, akapewa, akanywa akiwa amenipa mgongo. Nimelia sana. Je, nimemharibu mwanangu?

Fundi, roho juu

Fundi, futa machozi, halafu kaa nikuseme. Kumnyima mtoto maji ili atoe neno! Mteja asiyejua jina la mshono unamfukuza? Si anakuonyesha picha, unamwambia, “Ah, unataka hivi,” mnaelewana? Binti yako naye alikuwa anakuonyesha picha.

Wataalamu wenyewe bado wanavutana. Wapo wa kuiga na kutuzwa, wapo wanaosema mtoto huzaliwa na uwezo wa lugha, wapo wanaosema lugha hukua katika kupokezana maongezi na wanaomlea. Wifi yako ameshika ukurasa mmoja akaufanya sheria. Sijasikia hata mmoja wao akisema mtoto akae na kiu.

Wiki hii mpeleke kliniki apimwe masikio na aonwe na mtaalamu wa usemi, maana maneno yalikuwa machache na sasa hata hayo yamepotea. Hapo usimsikilize mama mkwe, hilo si la kungoja liive. Nyumbani, amri ya “sema” ife leo. Akionyesha kitu, mpe huku ukimtajia: “Haya mama, maji, ya baridi.” Akitoa sauti yoyote, mjibu, kisha nyamaza umpe zamu yake.

Umeuliza kama umemharibu. Sidhani. Ila amekukatia tamaa, na hilo ni lako kulirekebisha. Kesho usimngoje avuke ua. Mwite wewe, mjazie, na akinywa bila kusema kitu, kaa naye hivyohivyo.