Bibi, Mianzi Yako Imekuwa Nyumba

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikalisoma kwa sauti, halafu nikajiitikia mwenyewe, "Marahaba, mwana wa mwanangu," kwa kuivuta ile sauti yako ya puani. Mume wangu akaingia kutoka uani na taulo begani kuuliza nani kaja. Nikamwambia hakuna mtu, ninamwandikia Bibi. Akasema, "Msalimie. Mwambie nyumba haivuji." Basi anakusalimia, na nyumba haivuji.

Umeona nilivyoandika? Mume wangu. Ulituacha posa imepokelewa na siku haijapangwa, na msibani watu waliponibembeleza mimi nilikuwa nawaza jambo moja la kitoto, kwamba hutaniona nimepakwa hina. Nilipakwa, Bibi, mpaka juu ya kiwiko. Nassor alipoingia kunipa mkono, kiganja chake kilikuwa cha baridi kama samaki aliyetoka majini, nami nikacheka chini ya shela, nikamharibia somo yangu kazi yote ya kunifundisha kunyamaza.

Unamkumbuka alivyofika kwako mara ya kwanza? Alivuka kuja Juani kuleta mabati ya madrasa, akapita kuomba maji. Alikunywa, kisha akauegemeza mkono ukutani akasahau kuondoka. Akasema ukuta una baridi kama mtungi. Nawe ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata kichwa: "Toa mkono, kijana. Umekuja kuposa ukuta au mtu?" Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nadhani nilimpenda hapo hapo, kwa vile alivyokosa jibu.

Nyumba yako, Bibi. Nilikwenda kuiona miezi mingi baada ya arubaini, mvua zimeshapita. Makuti yalikuwa yameshaanguka na kuta za upande wa kisima zilikuwa zimerudi chini. Nilikaa pale nikalia, nikalia sana, na nilipomaliza kulia nikaona kwamba mahali ulipokuwa ukuta wa chumba chako pameota kunde. Hakuna kifusi. Hakuna kitu cha kuzoa. Ilikuwa udongo, imekuwa udongo, na jirani amechuma mboga. Sijui kwa nini jambo lile lilinifurahisha katikati ya machozi. Nilirudi nikamwambia Nassor nataka nyumba yetu iwe ya namna ile, na yeye akasema alikuwa akiogopa kuniomba.

Sasa nikueleze taabu yetu. Nassor ni mtoto wa duka. Mama yake, Bi Zuwena, anauza saruji na mabati pale Kilindoni, na nusu ya nyumba za matofali unazoziona njiani zimetoka mikononi mwake. Siku Nassor alipomwambia tutajenga kwa mianzi na udongo kwenye kiwanja chetu cha Miburani, mama alikuwa anapima misumari. Akaiacha mizani ikining'inia.

"Udongo gani?"

"Wa hapo hapo kiwanjani, mama."

"Kwa hiyo mwanangu atakaa ndani ya chungu. Na wateja wangu waseme nini? Saruji ya Bi Zuwena mbovu, hata mtoto aliyemzaa haitaki?"

Nassor alimweleza kwa upole. Saruji inavuka bahari kuja huku. Mchanga wa kuchanganyia unachotwa ufukweni mpaka minazi imebaki inaning'iniza mizizi. Boriti za mikoko siku hizi si za kujikatia tu. Lakini mianzi ya Bibi pale kisimani Juani imejaa, na ukiikata inaota tena. Bi Zuwena alisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akatoa hukumu yake. Nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili vya matofali, amekwisha vipaka rangi kwa ajili yetu. Tujenge hicho chungu chetu. Masika yakipita ukuta umesimama, yeye hatasema neno. Ukuta ukianguka, tunahamia nyuma ya duka, na hapo ndipo nitakapokaa mimi, mlango kwa mlango na mama mkwe, nikipikwa na bati mchana na kuulizwa kila asubuhi mbona nimechelewa kufungua dirisha.

Ninamheshimu, Bibi. Lakini nilitaka pangu. Nilitaka nyumba ambayo nikicheka na mume wangu hakuna anayekohoa upande wa pili.

Tulikwenda Juani kukata mianzi. Nilimsimamia Nassor kama ulivyonisimamia: mwororo wa kijani aupite, akate ule uliokomaa, wenye madoa kama ngozi ya mzee, na asiguse machipukizi. Tukailoweka baharini, tumeikandamiza kwa mawe pale kwenye maji yasiyokauka, ile sukari ya ndani itoke, wadudu wa bungua wasione cha kula. Akina mama wa mwani walitucheka, wakaniuliza kama sasa ninalima mianzi badala ya mwani. Ilipoopolewa ilinuka, mume wangu akanuka, na mimi nikamwona mzuri kuliko siku zote. Penzi lina mambo.

Ninatamani ungekiona kile kiunzi cha fito kikipanda. Mianzi mizima tumeiweka juu kubeba paa, iliyopasuliwa tumeifunga ukutani kwa kamba za makumbi, ndani na nje, na katikati tukajaza mawe na udongo. Nguzo ni za mivinje. Msingi tuliuinua kwa mawe mpaka magotini, na upenu tuliutoa nje sana, maana ulikuwa ukisema udongo hauogopi mvua, unaogopa maji yaliyokaa. Lile shimo tulikochimba udongo halikupotea, limekuwa la choo. Siku ya kukandika walikuja wanawake wa Miburani na ndoo na vijembe vyao vya mdomo. Tulikanyaga udongo na majani makavu mpaka mapaja yakauma, na waliimba nyimbo za kumsema bwana harusi ambazo siwezi kukuandikia, ingawa nyingine nilizisikia kwako. Nassor alikuwa juu ya paa, hana pa kukimbilia.

Halafu tukakosea. Ulinifundisha, nilikuwa najua: ukuta ukishakandikwa uachwe. Ukauke, upasuke, ushibe kupasuka, ndipo usiribwe kwa udongo mwembamba. Lakini harusi ilikuwa imekaribia, wageni wa Kilindoni wangekuja kuona nyumba, na sikutaka Bi Zuwena aone nyufa. Ukuta bado unatoa jasho, tukausiriba. Ukang'aa kama sahani. Watu wakasifu. Bi Zuwena akapitisha kidole, akakitazama, akakipangusa.

Masika yalipoingia nilikuwa mke wa mtu. Mvua ya kwanza kubwa ilipiga asubuhi, upande wa barabarani, na tukiwa tunakunywa chai tukasikia kitu kama gunia limetupwa chini. Siriba yote ya upande ule ilikuwa imeshuka, iko kwenye maji kama mkate ulioloweshwa. Moyo wangu, Bibi. Niliiona rangi ya vile vyumba viwili nyuma ya duka, nikaiona kabisa.

Habari ilimfikia Bi Zuwena kabla ya adhuhuri. Alikuja na bajaji na mwavuli, akasimama chini ya upenu, buibui lake halina hata tone la tope.

"Ukuta umeanguka," akasema.

Nassor akamwamkia kwanza. Kisha akagonga pale palipobaki wazi, mianzi imeshika, udongo wa ndani mgumu. "Ukuta umesimama, mama. Kilichoanguka ni kanzu."

"Na mtu anayetembea bila kanzu tunamwitaje?"

Nilijiuma mdomo nisicheke. Nassor naye alikwama, kama alivyokwama kwako. Nikasema mimi, nimeinamisha kichwa, "Mama, kosa ni langu. Nilimvisha akiwa bado amelowa." Akakunjua mwavuli. "Haya. Nitangoja akae uchi mpaka masika yaishe. Tuone haya zake."

Basi tukabandua siriba iliyobaki kwa mikono yetu, tukauacha ukuta kama ulivyo. Nyumba nzima ikawa na nyufa, na Bibi, hizo zilikuwa siku tamu kuliko zote nilizoishi. Mvua inapiga, sisi tumelala chali tunazipa nyufa majina. Huu mkondo wa Chole, huu njia ya kwenda Kua, huu hapa ni pua ya Nassor. Mvua ikitulia siku mbili tatu zinapanuka, ikirudi zinanywea. Chini ya upenu ule mrefu maji hayakuufikia mwili wa ukuta tena isipokuwa rasharasha. Mianzi haikulia hata mara moja. Kila asubuhi Nassor alikuwa akizunguka nyumba akiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha anarudi kitandani na miguu ya baridi kunieleza kwamba tumesimama.

Masika yakapita. Tukasiriba upya, safari hii bila haraka, tukamaliza kwa chokaa. Na Ijumaa moja, jua lile linalowaka baada ya mvua kuisha, Bi Zuwena akaja kutoa hukumu. Nilipika wali wa nazi na changu wa kupaka. Kabla ya kula alizunguka kuta zote akizigonga kwa pete. Hakupata la kusema, akasema samaki ana chumvi. Alipokunywa maji ya ukwaju akaniambia anajinyoosha kidogo tu mkekani, miguu imechoka.

Alilala, Bibi. Alilala kama mtoto aliyetoka kunyonya, mdomo wazi, mtandio umemwanguka, na nje barabara inawaka moto. Sisi tulikaa ukumbini tukisemezana kwa macho. Alasiri ilikaribia kupita ndipo nikamwamsha kwa swala. Alikaa kitako akaangalia dari ya mianzi muda mrefu.

"Ukwaju ule mmetia nini?"

"Sukari tu, mama."

"Ukwaju haulazi mtu hivi."

Alisali, akaondoka. Hakusema neno kuhusu ukuta, na kutosema ndiko kulikuwa ahadi yake. Nassor alipofunga mlango alinibeba akanizungusha mpaka kichwa changu kikagonga mwimo. Nilicheka na donge kichwani. Ilikuwa yetu.

Ijumaa iliyofuata akaja tena, kuangalia chokaa kama imeshika. Iliyofuata hakutaja sababu, alikuja na mto wake. Na juzi, amelala chali na macho amefumba, akauliza:

"Ile mianzi ya Juani imeisha?"

"Haijaisha, mama."

"Si vizuri kuiacha ikaozea kule. Upande huu wa mwembe pangetosha chumba." Akauvuta mto. "Mteja akiuliza, mwambieni mnajenga stoo."

Nassor alifurahi karibu alie. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikakuwaza wewe. Tumepigana kwa udongo na mianzi nisikae mlango kwa mlango na mama mkwe, na huo udongo umekuwa mtamu kiasi kwamba amenifuata. Ningekuwa na nyumba mbovu ningekuwa salama. Nilijionea huruma kwa muda wa chungu kuchemka. Kisha nikamkumbuka alivyolala, mwanamke yule ambaye tangu afiwe na mumewe hajaliacha duka hata siku moja, na nyumba yake ya matofali mchana haikaliki. Sikuweza kumwambia hapana. Lakini ndiyo tupu nayo sikuiweza.

Nilingoja aamke. Nikapiga goti mbele yake, nikamwambia chumba tutajenga, na nitakikandika kwa mikono yangu, ila hakitatoboa ndani ya nyumba. Kitakuwa na paa lake, baraza lake, na mlango wake utatazama mwembe. Wangu unatazama barabara. Katikati tutaacha ua wa kuanika nguo. Nassor alikuwa ameacha kutafuna. Bi Zuwena alijifunga mtandio polepole, akaninyanyua kwa kiwiko.

"Ningekuwa mimi," akasema, "ule ua ningeuongeza upana. Mume wako anacheka kwa sauti."

Bibi, niliona haya mpaka masikio yakawaka, na nikampenda.

Jumamosi tunavuka kuja Juani kukata. Nitapita kaburini kwako kwanza na maji na mrehani, nikusomee Fatiha, ndipo tuende kisimani. Ninakuahidi kila shina tutakalokata nitaliachia watoto wake, na kabla chumba hakijaingiwa tutasoma hitma yako barazani, na Bi Zuwena amekwisha sema ubani atatoa yeye. Ninakuahidi pia kwamba wanangu, Mungu akinijalia, watajua kukanyaga udongo kabla hawajajua bei ya mfuko wa saruji, hata kama bibi yao ndiye anayeiuza.

Lala salama, kipenzi changu, Mungu aikunjue ardhi iliyokufunika. Hapa kwangu jioni inaingia, ninakwenda kumfungulia Bi Zuwena. Amekuja leo, na leo si Ijumaa, na amebisha hodi.

Mjukuu wako,
Rukia, mke wa Nassor