Pembe ya Chuma Shambani kwa Baba

Jumatatu, 1 Julai 1991
Mkoba wangu wa shule bado unaning'inia kwenye mlingoti wa bendera, kama desturi yetu, kijiji kizima kijue nimefaulu mtihani. Leo nimetamani kuushusha.

Ramani ya rada imetoka. Ndege inapiga picha kutoka juu, sisi vibarua wa utafiti huku chini tunaandika kila shamba limepandwa nini, mashine ijifunze kutofautisha mazao. Na shamba la baba — viazi vitupu! — limeandikwa bitiruti. Jina langu chini yake.

Si mimi! Upande ule alikuwa Diederik, mwanafunzi wa Daktari Boelens, mkuu wa utafiti. Hata garini hakushuka. Daktari alipouliza, Diederik akajibu kwa upole kwamba nisisutwe, bado mtoto. Nami nikanyamaza. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 3 Julai
Siku ya kuzaliwa ya baba. Viti duara sebuleni, kahawa, keki. Mjomba Sjoerd: "Wietske, hebu niambie, hii ni keki au jibini? Maana mwenzio nisije nikapotea." Nyumba nzima kicheko. "Binti wa mkulima hajui viazi vya babake!"

Baba hakucheka. Alikoroga kahawa isiyo na sukari.

Diederik, hili utalilipa.

Alhamisi, 4 Julai
Nimepata njia.

Kesho ndege inapita tena. Kando ya viazi vyetu Diederik amefunga pembe ya chuma — mabamba matatu yaliyoungana, yanairudishia rada mwangwi wake. Vipimo vyote vinasahihishwa kwa mwangwi huo. Ikielekea kombo, ramani nzima inaharibika. Na mwenye dhamana ni yeye!

Nilichukua spana ya baba. Nati mbili tu. Nimeigeuza kiasi cha kiganja, nikakaza. Acha naye aulizwe mbele ya watu. Acha naye aitwe mtoto.

Usiku nimekula, nikaongeza.

Ijumaa, 5 Julai
Daktari Boelens amepiga simu asubuhi. Diederik amekiri jana jioni kwamba kosa la bitiruti ni lake. Kwa nini hakukiri juzi, mwoga yule! Daktari ameniomba radhi, kisha akaomba kuzungumza na baba. Baba alisikiliza huku amevua kofia. Diederik ameondolewa. Dhamana ya pembe leo ni yangu.

Sasa nimechutama kando ya mtaro, najifanya naandika mambo ya kazi. Baba amekuja kuangalia, kavaa shati la kanisani. Amemwita na Mjomba Sjoerd. "Njoo umwone mwanangu, wewe mcheka watu!"

Spana iko mfukoni, inanichoma paja. Alama ya mahali pa mwanzo sikuweka. Na hata ningeweka — mbele ya macho yao?

Ndege inasikika, upande wa Dronten.

Baba ameipapasa pembe kama apapasavyo ng'ombe. Ananigeukia, anatabasamu.

"Iko sawa, mwanangu?"