Waya wa Pedi ya Mama

Ndama, Karagwe
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Beata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Dastan na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa siku za msiba kimekuacha. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mvua zimeanza, maharage yameota vizuri, na ile migomba ambayo marehemu Baba aliipanda upande wa njia imeanza kutoa mikungu. Mama anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyetaka niandike badala ya kupiga simu. Anasema kwenye simu wewe unajibu kabla mtu hajamaliza kusema. Usikasirike, dada, nimeandika kama alivyosema.

Nianze na yeye. Tangu mwondoke baada ya matanga, alikuwa akishinda kwenye kiti cha Baba pale mlango wa nyuma, akitazama kaburi lake kibanjani, kule migombani. Wageni wakija anawapa kamwani, zile buni zilizokaushwa, watafune, anawauliza habari za kwao, kisha anarudi kwenye ukimya wake. Hakuwa analia. Nikimwambia chakula tayari, anasema sawa. Nikimwambia jua limefika kwenye kiti, asogee kivulini, anasema sawa. Ulipompigia kumwambia kwamba shemeji atakuja na gari mwisho wa mwezi kumhamishia Muleba, akasema sawa kwa sauti ileile ya kusogea kivulini. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama unamjua. Lini aliambiwa jambo akakosa la kujibu?

Unaikumbuka ile mashine ya gemu Baba aliyotununulia Omurushaka ulipofaulu darasa la saba. Sisi tuliichoka, Baba na Mama wakairithi. Wewe ulikuwa umeshaolewa, kwa hiyo hukuyaona mengi. Jioni, ndizi zikiwa motoni, walikaa mkekani mbele ya runinga, kila mmoja na pedi yake ya vitufe mkononi, wakiendesha vile vifaru viwili vinavyolinda ngome ya matofali. Baba alikuwa mchezaji mbovu. Akiona Mama anamzidi, ananyoosha mkono na kuuvuta waya wa pedi ya Mama, kidogo tu, na risasi ya Mama inakwenda kando. Mama alipiga kelele hadi kwa jirani: Baba Beata, acha wizi! Baba anaapa kwamba ni panya amepita.

Nikawaza kumrudishia mchezo wake, labda utamrudishia na ulimi. Alikataa mkeka. Alisema akikaa pale anamgeuzia Baba mgongo, na hilo hawezi bado. Sasa kutoka mlango wa nyuma runinga inaonekana vizuri kabisa, ila waya haufiki hata nusu ya chumba. Ndipo nikamwendea fundi Egbert, yule wa redio pale Omurushaka ambaye namsaidia kazi dukani. Nikamuuliza kama pedi inaweza kuondolewa waya ikatumia redio, kama simu inavyofanya. Alicheka, akasema mashine ile ni kongwe kuliko akili yangu, lakini tujaribu.

Tulizifungua zote mbili. Ndani hamna mambo mengi, dada: kibao kimoja, raba za vitufe, na nyaya tano nyembamba zilizokwenda kwenye mashine. Tulikata waya. Ndani ya pedi tukalehemu kibao kidogo cha redio na betri ya simu iliyokufa kioo, na ile ncha ya waya yenye plagi tukaiunga na kibao kingine cha kupokea. Siku ya kwanza nikibonyeza ya Mama, kifaru cha Baba ndicho kinachotembea, kwa sababu pedi zote mbili zilikuwa zinasema kwenye masafa mamoja. Egbert akasema hao kweli walifunga ndoa kanisani. Tukaipa kila moja masafa yake, na vifaru vikatii.

Nilizileta nyumbani kama mtu aliyeleta mbuzi. Shangazi Laurensia alikuwa amekuja kutoka Kaisho kutuangalia. Aliponiona nampa Mama pedi alifunga khanga yake upya, akauliza tangu lini mume akaliliwa kwa vidole gumba. Mama alikaa palepale mlangoni, kaburi upande mmoja, runinga upande mwingine, nami nikashika pedi ya Baba. Alicheza vizuri. Alinishinda bila shida, hatua baada ya hatua, na uso wake haukubadilika. Kisha akaiweka pedi mapajani, akaigeuza huku na huku, akaniuliza waya uko wapi.

Nilimwambia hauhitajiki tena. Akasema hajauliza kama unahitajika.

Nilikwenda kuuchukua kwenye mfuko wangu wa kazi. Mama aliupitisha vidoleni polepole mpaka akafika pale Baba alipoufunga kwa uzi wa mgomba siku panya wa kweli alipoutafuna. Akasema, sasa ataniibia kwa njia gani? Ndipo akalia, dada. Shangazi Laurensia naye akalia, akamshika kichwa. Mimi nilibaki nimesimama na pedi yangu nzuri, isiyo na waya, nikijiona mjinga.

Kesho yake niliuchukua ule waya, nikafunga ncha moja kwenye pedi ya Mama na nyingine kwenye ya Baba. Haupitishi kitu chochote, umefungwa tu kama kamba ya ndama. Jioni tukacheza hivyo, yeye kwenye kiti, mimi kizingitini. Nilipoanza kumzidi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilihisi pedi yangu imevutwa. Risasi ikaenda kando. Niligeuka. Mama alikuwa anatazama migomba. Akasema ni panya amepita.

Tangu jioni hiyo anabishana na kila mtu. Jana alimfukuza mnunuzi wa kahawa aliyetaka kumpunja, na chumvi ya mboga yangu ameilalamikia mara nyingi hata sijali tena.

Sasa dada, hili ndilo aliloniagiza. Mama hataki kuhamia Muleba. Hakutaka tangu mwanzo. Alisema sawa kwa sababu siku ya mazishi alikusikia ukilia kwamba utampoteza na yeye, akaona akukubalie ili upone. Anaomba usilie tena. Anaomba shemeji aje na gari kama mlivyopanga, ila uwe ndani yake pamoja na watoto, mkae siku kadhaa. Na kama bado unataka kumchukua, anasema ukae kizingitini, ushike pedi ya Baba, umshinde kwanza. Ukimshinda, atapanda gari bila neno.

Nakuonya tu, dada: anavuta.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Shangazi Laurensia anawasalimu pia. Bado yuko hapa, anasema anasubiri zamu yake. Mungu awalinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Vero