Maua Mawili Mezani kwa Mzee Kajuna

Mabatini, Mwanza
Jumapili, saa ya karata

Mdogo wangu Yona,

Shikamoo yako imepanda treni, ikalala Tabora, ikanifikia na vumbi lake lakini bila kupungua kitu. Marahaba. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini, na shemeji yako bado analalamika kwamba nakoroma. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie aache kukaa sakafuni kanisani, ingawa najua hatasikia, maana ukaidi huo hata mimi nimeurithi. Uwele umetoka mwaka huu? Na yule mbuzi wa pembe moja bado yupo, au mlimla sikukuu mkaona si lazima nijue?

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Nilipoirudia nikaiweka chini na kutoka nje kupunga upepo. Unasema huyo anayetaka ubunge huko kwetu Mpwapwa amekusikia ukiongoza kwaya, akaipenda sauti yako, na sasa anataka ushike kipaza sauti juu ya gari lake mzunguke naye vijijini. Kazi yenyewe ni kuwaambia Wagogo wenzako kwamba "watu wa milimani" wamewajazia soko, wamewamalizia viwanja, na safari hii watarudi walikotoka. Anasema watu wa milimani kwa sababu kusema Wakaguru anaona aibu, na mtu anayeona aibu kutaja anachokisema anajua fika anachokifanya. Halafu pale chini kabisa, kwa herufi za mchwa, umeandika, "Debora sijamwambia bado."

Debora ni mke wako, Yona. Ni Mkaguru, na posa yake niliipeleka mimi, nikipanda hiyo hiyo milima kwa miguu na kulala kwa wakwe zako, wakanilisha mpaka nikashindwa kuinuka. Sasa unaomba baraka zangu kama kaka mkubwa. Baraka zisubiri kidogo. Kwanza nikupe habari za huku, kwa sababu huku nako ujinga huo umeingia na umevaa suti.

Kazini bado niko kiwanda cha samaki, kwenye vyumba vya barafu. Sangara wanaingia asubuhi, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa ya samaki wetu wenyewe. Wanaita soko huria. Vyama navyo ni vingi siku hizi, na mimi mshamba nilidhani vyama vingi vitaleta hoja nyingi. Vimeleta spika nyingi. Kuanzia chama kikongwe mpaka hivi vilivyozaliwa juzi, sijasikia hata mmoja anayeeleza pamba itanunuliwa na nani sasa kwa kuwa ushirika umekufa. Kila mmoja ana mtu wa kumlaumu tu, tena mtu mwenyewe awe jirani, maana jirani hana mbali.

Kuna jambo moja lililokuwa linanipa raha hapa mjini, nalo ni briji. Ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mkabala nawe. Kabla karata haijatupwa mezani mnanadi. Kila mtu kwa zamu anataja yeye na mwenzake watakula mikono mingapi, na turufu iwe kopa, uru, shupaza au maua. Anayenadi juu zaidi ndiye anayecheza, na asipotimiza alichonadi inakula kwake. Karata zako humwonyeshi mwenzako, humkonyezi, hukohoi. Unazungumza naye kwa nadi peke yake.

Nadi zenyewe zina makubaliano. Mtu akifungua kwa "maua mawili," hana maana kwamba ana maua. Maana yake ana karata nzito sana, na mwenzake hapaswi kumwacha hapo, lazima amjibu hata kama mkononi ana takataka. Lakini makubaliano hayo si siri, Yona, na hii ndiyo sheria ninayoipenda kuliko zote. Mpinzani ana haki ya kuuliza, "Mwenzako kasema maua mawili, maana yake nini?" nawe unamjibu ukweli wote. Unachomwambia wa kwako, na yule unayeshindana naye anakielewa vilevile. Mzee Kajuna, ambaye meza ni ya kwake, ameongeza sheria yake: karata zikishagawiwa, hakuna kilugha mpaka zikusanywe.

Mzee Kajuna ni Mhaya, karani mstaafu wa mahakama, anajisifu mpaka unachoka, lakini hadanganyi. Mwenzake ni Nesi Nyangeta, Mjita wa kule Musoma, mwanamke wa maneno machache na yote yanachoma. Mwenzangu mimi ni Masanja, Msukuma, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka ushirika ulipoanguka naye akaanguka nao. Briji alinifundisha yeye. Kila Jumapili baada ya ibada tumekuwa tukikaa mkabala, mimi na yeye, tangu nilipokuwa sijui kopa inafananaje.

Tena Masanja ni mtani wangu, Mgogo na Msukuma, hilo hata mama analijua. Baba yake alipofariki nililala mbele ya jeneza nikagoma kuondoka, nikisema marehemu kanikopa jogoo, mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia na jogoo akaletwa. Kisha nikashika jembe nikachimba kaburi na wenzangu mpaka mwisho. Utani ndivyo ulivyo. Unamtukana mtu usoni, naye anakutukana usoni, na siku ya msiba wewe ndiye unayetangulia kufika.

Sasa msimu huu kaja mgombea mmoja, mfanyabiashara aliyekaa Dar miaka yote, Kisukuma chake kibovu kuliko changu. Kwa kuwa hawezi kuwahutubia wazee wa vijijini, akamtafuta mtu wa kumtafsiria. Akampata Masanja. Mimi nilifurahi, nikasema angalau rafiki yangu amepata cha kufanya.

Jumatano ya wiki iliyopita kiwanda kikanituma Usagara, hapa nje kidogo ya Mwanza, kufuata pampu iliyokuwa kwenye lori lililoharibikia pale njia panda. Nikawakuta wanahutubia. Mgombea alisema kwa Kiswahili safi, "Ndugu zangu, mimi sibagui mtu, sisi sote ni Watanzania," na waandishi wa habari wakaandika. Kisha Masanja akachukua kipaza sauti kutafsiri, akaingia kwenye Kisukuma. Alianza na sisi. Alisema Mgogo ukimzika leo, kesho unamkuta njia panda anaomba nauli ya kurudi nyumbani. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikaanza kutafuta jibu la kumrudishia Jumapili.

Halafu akabadilika. "Nani kachukua kazi za viwanda vya samaki? Waliokuja na treni. Nani kajaza vyumba vya Mabatini mpaka vijana wenu hawana pa kupanga? Waliokuja na treni. Basi treni hiyo hiyo ipo stesheni." Hapo hakuna aliyecheka, Yona. Walipiga makofi. Mgombea naye akapiga makofi, ingawa sijui alielewa kiasi gani. Yeye mwenyewe alikuja na ndege, na ndege haikutajwa popote.

Pembeni yangu alikuwepo muuza miwa, tulikuwa tumeshaanza kupiga soga. Akaitazama ovaroli yangu ya kiwandani akaniuliza, "Mtani, na wewe ulikuja na nini?" Nikamwambia, "Kwa miguu, maana njiani nilikuwa nawafundisha watani zangu kuoga." Siku zote jibu hilo linaleta kicheko. Yeye hakucheka. Alihamisha mzigo wake wa miwa akauweka upande wa pili. Nilichukua pampu yangu nikaondoka, na nakwambia kweli, iliniuma.

Jumapili iliyopita Masanja akaja kama kawaida, amevaa kofia mpya ya kampeni, akaketi mkabala nami. Karata zikagawiwa. Akazipanga, uso ukamng'aa, akasema, "Maua mawili."

Zamu ilikuwa ya Nesi Nyangeta. Hakutazama karata zake, alinitazama mimi. "Elia, mwenzako kasema maua mawili. Maana yake nini?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Mpaka Jumanne nilikuwa najua. Jumatano nilimsikia akitafsiri Usagara. Sasa muulizeni mwenyewe, akisema kitu huwa ana maana gani."

Masanja aliweka karata zake chini kifudifudi. "Aa, mtani. Yale ni maneno ya kampeni tu. Uchaguzi ukiisha na yenyewe yanaisha. Halafu ni utani, wewe si unanijua?"

"Bosi wako alisema sibagui," akasema Mzee Kajuna, maana yeye na Nesi nilikuwa nimeshawasimulia, "wewe ukatafsiri treni ipo stesheni. Kule mahakamani mkalimani wa namna hiyo tulikuwa tunamweka ndani."

"Mzee, ushirika umekufa. Mimi nina watoto. Mnataka nile hizi karata?"

"Kula, Masanja," nikamwambia. "Ila usinile mimi."

Nesi akasema, "Pasi," yaani hanadi kitu. Ikafika zamu yangu. Mkononi nilikuwa na ree ya kopa na mfalme wa shupaza, karata za kumjibu kwa kifua mbele. Nikasema, "Pasi." Kwa mwenzako aliyefungua maua mawili, hilo ni tusi lisilo na kifani, na kila mtu pale mezani alilielewa. Mzee Kajuna naye akapita. Ikawa Masanja anacheza maua, na maua yenyewe hana.

Sheria ya briji ni kwamba mwenza wa anayecheza hulaza karata zake wazi, kila mtu azione. Nesi akatupa ya kwanza, nami nikalaza zangu. Masanja akaiona ree. Akamwona mfalme. Alizitazama muda, kisha akacheza peke yake mpaka mwisho, Nesi akimla maua moja baada ya jingine, tukaanguka.

"Hizi zilikuwa karata za kula karibu mikono yote," akasema taratibu.

"Zilikuwa," nikamwambia.

Alichukua kofia yake akaondoka. Hakugombana, hakuaga. Na leo Jumapili hakuja. Tumekaa watatu, tumekunywa chai ya Mzee Kajuna, tumesikiliza spika ikipita barabarani na sauti ya Masanja ndani yake. Briji haichezwi na watu watatu, Yona, ndiyo maana nimerudi nyumbani na nina nafasi ya kukuandikia barua ndefu hivi. Mgombea akishinda atarudi Dar. Akishindwa atarudi Dar. Masanja atabaki Mabatini nasi, na atahitaji watani wa kumzika.

Sasa tuje kwako. Usiniambie wamekodi sauti tu. Sauti haitembei yenyewe, ina kichwa juu yake. Na usiniambie ni maneno ya kampeni yatapita, kwa sababu Masanja naye aliniambia hivyo hivyo. Wanasiasa hawa nawadharau mpaka najishangaa, kwa sababu wana lori zima la maneno na hawana hata moja wanaloweza kulisema mbele ya watu wote kwa maana ileile. Lakini ni wageni kwangu, wanaweza kwenda zao. Wewe ndugu yangu nitakudharau kwa uchungu, na kukudharau sitaki kujifunza.

Sikukatazi. Una familia yako na ndevu zako. Nakupa sharti la mezani tu. Kabla hujapanda gari lile, mkalishe Debora kwenye kigoda, simama mbele yake, na umwambie hotuba yote kama utakavyowaambia watu, kwa Kigogo, bila kuruka neno. Kigogo anakielewa, usijidanganye. Hata mimi Kisukuma hakuna aliyejua kwamba nakielewa kiasi kile. Akikuuliza, "Watu wa milimani maana yake nini?" mjibu ukweli wote. Ukishamaliza, kama bado atakutengea chakula, nenda ukapige kelele zako.

Mama msalimie, umwambie kitambaa alichotaka nimekipata na kitakuja na mtu. Mjomba wetu seremala mpe salamu, na umuulize kama ile milango ya kanisa aliimaliza au bado anasubiri mbao za ahadi. Msalimie katekista aliyetufundisha kusoma, na watoto wote wa uani, mmoja mmoja kwa jina, nisije nikadaiwa.

Salamu za shemeji yangu Debora nimeziacha za mwisho kwa makusudi. Msomee barua hii yote, pamoja na mahali palipotajwa jina lake. Na majibu usiniandikie wewe. Mpe yeye kalamu.

Ni mimi kaka yako,
Elia, niliyekuja na treni